Kipimo cha Mwalimu Isipokuwa

Tangu Mwalimu Isipokuwa aondoke, wiki ya mitihani imekuwa kimya. Zamani, zamu ya biolojia ilipofika, ungeweza kusimama nje ya madarasa ukausikia mguno: darasa zima likiguna kwa pamoja, kama watu waliokanyaga maji ya baridi bila kutazamia, pale watoto walipofika mwisho wa swali na kukuta neno ambalo hawakuliwazia. Siku hizi husikii kitu. Kalamu zinakwenda, karatasi zinakusanywa mapema, watoto wanatoka wakicheka. Matokeo ya biolojia yamepanda, na wazazi wanaamini kwamba watoto wao wamepata akili. Mkuu wa shule ameyabandika kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mgeni hawezi kupita bila kuyaona. Katika chumba cha walimu hakuna anayelisema jambo ambalo wote wanalijua, kwamba watoto ni walewale, karatasi ndiyo iliyobadilika. Kiti chake cha chini ya dirisha anakikalia mwalimu wa michezo, na juu ya meza iliyokuwa na marundo ya maswali kuna mipira miwili, mmoja hauna upepo.

Jina lake halisi lilikuwa linajulikana na mhasibu tu. Wanafunzi walimwita Isipokuwa, kwa sababu ya neno alilopenda kulitega mkiani mwa sentensi. Zote zifuatazo ni sifa za seli ya mmea isipokuwa. Mtoto mwenye haraka alisoma nusu, akaona jibu la kwanza ni kweli tupu, akaliwekea alama, na ukweli wake ukamwangusha.

"Mwalimu, umenionea," mtoto alilalamika.

"Sijakuonea, mwanangu. Umeshuka kabla ya kituo."

Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa binti wa mtoa dawa wa zahanati, mzee aliyemkalisha juu ya kreti nyuma ya dirisha la kutolea dawa na kumfundisha kusoma kwa maandishi madogo ya kwenye chupa. "Haya makubwa ni ya kuuzia," mzee alimwambia. "Hayo madogo ndiyo ya kuponea. Soma mpaka mwisho." Mzee aliwahi kumwona mtoto aliyenyweshwa dawa ya kupaka na mama aliyesoma mstari wa kwanza peke yake. Hakuwahi kuisimulia habari hiyo mpaka ikaisha. Kila mara aliishia njiani, akafuta miwani. Binti aliimalizia mwenyewe, akakua nayo, akaingia nayo darasani. Kila alipotunga swali, alikuwa anamzuia mama yule mlangoni.

Walimu wa shule nyingine walimwogopa na kumhitaji. Kila mtihani wa pamoja wa wilaya, kamati ilimwita, na maswali ya wengine aliyapitia kama mtu anayechambua mchele. Hili lina majibu mawili. Hili halina hata moja. Swali bovu halikutoka mikononi mwake likiwa zima. Hapo alikuwa amekwisha kula chumvi ya kutosha, watoto wake wawili wameshajitegemea, na kila mtu alidhani amefika alipokuwa anakwenda.

Kumbe moyo wake ulikuwa kwenye maharage.

Nyuma ya maabara ya shule palikuwa na bustani ndogo ya mazoezi. Maharage yake yalishikwa na ugonjwa mmoja wa ajabu: majani ya chini yaligeuka manjano, mstari mmoja ukaungua wote, uliofuata ukabaki kijani kana kwamba ugonjwa umeuruka kwa makusudi. Wengine wangeng'oa na kupanda mchicha. Yeye alipanda tena, akatazama tena. Misimu ikapita. Alizuia wanafunzi wasiguse mistari ile, akawa anaizunguka asubuhi kabla ya kengele, sketi imelowa umande.

Kwenye semina moja ya walimu, chuo kikuu, alikutana na Profesa, mama mfupi mwenye sauti nzito aliyekuwa ameyatumikia magonjwa ya mazao maisha yake yote. Mwalimu alimuuliza swali moja la adabu kuhusu kuruka kwa mistari. Profesa akamjibu kwa swali, naye akajibu, mpaka chai ya wote wawili ikapoa na watu wa semina wakaanza kukunja viti.

"Njoo usome shahada ya uzamili na mimi," Profesa alisema. "Nachukua kundi la mwisho, kisha nastaafu. Baada yangu hakuna atakayegusa maharage. Wenzangu wote wamekimbilia miti ya biashara."

"Mimi, Profesa? Kwa umri huu?"

"Maharage hayajauliza umri wako. Kuna Kipimo tu. Ukifikisha alama, nafasi ni yako."

Kipimo ndivyo watu walivyouita mtihani ule wa kompyuta uliotakiwa na vitivo vyote: vifungu vya kusoma, mafumbo ya mantiki, hesabu kidogo. Haukuuliza habari ya maharage wala ya kitu kingine chochote ulichokuwa unakwenda kusomea. Ulimpima kila mtu kwa saa ileile.

Mumewe alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache isipokuwa ya mzaha. Walizoea kuitana kwa kazi zao.

"Kipimo cha nini?" aliuliza, mikono imejaa grisi. "Cha damu?"

"Cha akili, Fundi."

"Wangekuja kuniuliza mimi. Nimelala nayo miaka yote hii, nayaona madhara yake."

Lakini alinawa, akafuta meza ya kulia, akaweka simu yake ihesabu dakika. Jioni baada ya jioni walikaa hivyo, yeye na vitabu vya mazoezi, mume na simu. Na jioni baada ya jioni simu ililia yeye akiwa katikati.

"Muda, Mwalimu."

"Bado kidogo."

"Simu haijui bado kidogo."

Majibu aliyoyatoa yalikuwa sahihi karibu yote. Shida ilikuwa yale ambayo hakuyafikia. Alisoma kifungu mpaka mwisho, akarudi juu, akatafuta mtego. Aliishi kwa kutega, hakuweza kuamini kwamba kuna mtu aliyekaa akatunga swali jepesi kwa nia njema.

"Mimi friji ikiletwa sianzi kusoma kitabu chake," Fundi alimwambia. "Natia mkono nyuma, nasikiliza joto. Basi."

"Ndiyo maana friji ya jirani ilirudi."

"Ilirudi kunisalimia."

Wifi yake, dada wa Fundi, alikuja Jumapili moja akakuta meza imejaa karatasi. Alikuwa mpishi wa hoteli, ulimi wake haukuwa na breki. "Wifi, wenzio kwa umri huu wanasomea ubibi."

"Nawe umefaulu?"

"Kwa alama za juu. Wajukuu watatu, na sikupimwa na mtu." Akacheka, akasogeza karatasi ili apate pa kuweka sufuria. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila mzaha, "Lakini wewe ukikosa hii, wifi, utazeeka vibaya. Nakujua."

Mwalimu aliona kwamba ni kweli.

Ndipo akapiga moyo konde akamwendea mwalimu wa hesabu, kijana aliyeitwa Chapchap hata na mkuu wa shule. Chapchap alikuwa amekifanya Kipimo mara kadhaa, kwa raha zake, kama watu wengine wanavyocheza bao. Alama zake zilikuwa za kutisha. Hakuwahi kuomba kusoma popote.

"Alama zingekuwa kitu cha kuazimana, Mwalimu, ningekuazima," alimwambia. "Mimi zinaniozea ndani."

"Nifundishe tu hizo mbio."

"Kwanza acha kusoma."

"Niache nini?"

"Kusoma. Anza na swali, rudi juu, okota unachotaka, ondoka. Kifungu si jirani yako, huna haja ya kumjulia hali. Na yale maelekezo marefu ya mwanzo yaruke yote, ni yaleyale ya kwenye kitabu. Saa inaanza kukimbia ukiwa hapohapo."

Ilimchoma kusoma hivyo. Alijisikia kama mtu anayekula akiwa amesimama. Lakini alijikaza, na wiki zilivyokwenda, simu ya Fundi ikaanza kulia akiwa amefika mwisho, na siku moja alimaliza kabla haijalia. Fundi akainuka, akampa mkono rasmi kama mgeni wa heshima, kisha akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika kupasha maji.

Kituo cha mtihani kilikuwa katika jengo la maofisi, ghorofa ya kwanza. Mlangoni walimvua saa, hereni, na kitambaa cha mkononi walikikunjua wakakitazama pande zote mbili. Msimamizi, msichana mwenye viatu visivyo na sauti, alimwonyesha kompyuta yake. Watahiniwa wengine wangeweza kuwa wanafunzi wake, na kwa nyuso za wawili watatu, huenda walikuwa.

Maelekezo yakatokea. Aliyaona yalivyokuwa marefu, na mkono wake ukasita juu ya kipanya. Kisha akayaruka.

Sehemu ya kwanza aliimaliza. Ya pili aliianza vizuri. Alikwenda kama Chapchap, akiokota na kuondoka, na karibu ajipende. Kisha katikati kikaja kifungu cha majani.

Kilisema kwamba katika shamba fulani kila jani la manjano lilikuwa na ukungu, ingawa si kila jani lenye ukungu lilikuwa la manjano. Swali likauliza lipi ni kweli bila shaka. Jibu la kwanza: jani lisilo na ukungu haliwezi kuwa la manjano. La pili: majani yote yenye ukungu ni ya manjano. La tatu: hakuna jani la manjano lisilo na ukungu. La nne: majani mengi shambani ni ya manjano.

Alisoma, akarudi juu. La kwanza na la tatu yalikuwa kitu kimoja. Yote mawili yalikuwa kweli. Aligeuza huku na huku kutafuta mtego, na mtego haukuwapo. Lilikuwa kosa tu, la mtu aliyechoka au aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Swali lilikuwa bovu.

Chagua mojawapo uende, ndivyo Chapchap angesema. Mwanafunzi yeyote angeruka. Lakini mtu aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa amefundishwa na mambo mawili maishani mwake, chupa za baba yake na kamati ya mitihani, na yote mawili yalimwambia jambo moja: kosa ukiliona, usiliache lipite kwenda kwa mwingine. Aliinua mkono.

Msichana wa viatu vya kimya akaja, akainama.

"Swali hili lina majibu mawili," Mwalimu alinong'ona.

"Mama, siruhusiwi kutazama swali."

"Sikuombi unisaidie. Nakuarifu. Lina kosa."

"Chagua lolote, mama, uendelee. Malalamiko ni baadaye, pale mezani."

"Na hawa wengine wote watakaolikuta?"

Msichana alitazama saa iliyokuwa inashuka pembeni mwa skrini, kisha akamtazama yeye kwa huruma. "Mama, muda wako."

Alijaribu kuendelea. Macho yalikwenda kwenye swali lililofuata na akili ikabaki nyuma, ikiandika malalamiko. Akarudi kulitazama tena, asije akawa amemwonea mtunzi. Alilisoma mpaka mwisho. Akalisoma tena. Alipochagua jibu la kwanza hatimaye, kwa uchungu, kama mtu anayetia sahihi uongo, mwendo ulikuwa umemtoka miguuni. Saa ilipofika mwisho, skrini ilifunga maswali ambayo hakuwahi kuyaona.

Alipitia mezani, akaeleza malalamiko yake neno kwa neno. Walimshukuru.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amekosa alama moja kufikia iliyotakiwa.

Profesa alimkaribisha ofisini, katikati ya maboksi. Alikuwa ameanza kuhama. Aliyatazama matokeo kwa muda, akayaweka chini ya mkono wake kama mtu anayezuia upepo usiyachukue.

"Moja," alisema.

"Moja, Profesa. Huwezi kuwaambia unanifahamu? Bustani umekuja ukaiona mwenyewe."

"Nimeiona. Nisikilize. Hii alama niliipigania mimi. Kabla ya Kipimo, nafasi hapa zilitolewa kwa vimemo. Mpwa wa huyu, shemeji wa yule. Nilisimama kikaoni nikasema, mtu apimwe, asiulizwe ni wa nani. Walinichukia miaka. Nikikupitisha wewe kwa sababu nakufahamu, kesho nitamkataa vipi shemeji wa mkuu wa kitivo? Naye atasema anamfahamu."

Mwalimu alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Alikuwa amewahi kusema maneno hayohayo, akiwa amesimama mlangoni mwa maabara, kwa mama mmoja ambaye binti yake alitaka uuguzi na alikosa alama moja ya biolojia. Mama yule alikuwa ameleta madaftari ya mtoto, yote, amefunga kwa kanga. Mwalimu hakuyafungua. Alisema, nikimpa wa kwako, nitawanyima vipi wengine. Alijiona mwadilifu siku ile, akala chakula chake cha mchana vizuri.

"Kulikuwa na swali bovu," alisema hatimaye, na akaeleza.

Profesa aliinua uso. "Umelalamika?"

"Siku ileile."

"Basi subiri. Wakikubali kwamba ni bovu, wanarudisha alama. Nafasi yako naishika mpaka mwisho wa mwezi. Hilo naweza kulifanya bila kumkosea mtu."

Akarudi nyumbani na tumaini lile, na lilikuwa baya kuliko kukata tamaa. Alitembea na simu jikoni, bafuni, darasani. Fundi aliacha mizaha. Asubuhi Mwalimu aliizunguka mistari ya maharage asione kitu.

Simu ililia akiwa maabara, kidato cha kwanza wanachora kikonyo cha jani. Alikuwa kijana mwenye sauti ya adabu, kutoka ofisi ya Kipimo.

"Mama, tumelipitia lile swali. Uko sahihi kabisa. Lina majibu mawili, tumeliondoa. Wataalamu wetu wamekupongeza."

"Kwa hiyo alama yangu?"

"Alama yako haibadiliki, mama. Swali lile lilikuwa la kujaribiwa tu. Huwa tunachanganya machache tuone kama yanafaa, hayahesabiwi kwa mtu yeyote. Hukupoteza alama yoyote pale."

"Nilipoteza muda."

"Imeelezwa kwenye maelekezo ya mwanzo, mama. Kwamba baadhi ya maswali ni ya majaribio, na ukikuta lenye mashaka uchague jibu uendelee."

Alimshukuru. Alifundisha kipindi mpaka kengele, akasahihisha vikonyo viwili vitatu, kisha akaenda chumba cha walimu akakaa mkabala na Chapchap. Alimweleza kwa sauti ya kawaida. Chapchap alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mimi ndiye niliyekwambia uruke."

"Uliniambia."

"Mwalimu, miye—"

"Nyamaza, mdogo wangu. Ulinifundisha nilichokuomba." Akatazama nje ya dirisha. "Maisha yangu yote nimeruka mara moja tu."

Mwezi ukaisha. Nafasi akapewa kijana mmoja mwenye alama nzuri, ambaye hakuwa na kosa lolote na ambaye muhula wa pili alihamia miti ya biashara, kwa sababu Profesa alikwisha kustaafu. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wavune bustani yote, pamoja na mistari iliyokatazwa kuguswa. Waling'oa kwa shangwe, wakarushiana udongo. Yeye alisimama kivulini mwa ukuta na mikono mifukoni.

Kamati ya wilaya ilipomwita kutunga maswali, alikwenda, akakaa na kalamu tangu asubuhi, na hakuandika neno. Kila swali alilolianza lilimletea uso wa mama mwenye madaftari. Mwenyekiti alidhani anaumwa. Maswali yakatungwa na wengine, hivyohivyo, na watoto wakafaulu.

Ofisi ya Kipimo ikapiga simu tena baadaye, kijana yuleyule wa adabu. Walikuwa wanatafuta mtu wa kusoma maswali kabla hayajatolewa. Mkubwa wake alikuwa bado anaikumbuka habari ya yale majani.

"Utakwenda kwao?" Fundi aliuliza. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji, hakugeuka. "Kwao wale?"

"Lazima awepo mtu wa kuyasoma."

"Ayasome mwingine, Mwalimu."

"Mwingine ataruka."

Fundi alikaza skrubu iliyokuwa imekaza tayari.

Sasa yuko katika jengo lilelile la maofisi, ghorofa ya pili, juu ya chumba cha mtihani. Hajaomba tena nafasi ya kusoma.